Kamba ya Kuvuta Nyumba

Shule ya kijiji cha pwani cha Punta Quilque ilipofungwa, ilikuwa imebaki na mwanafunzi mmoja na mwalimu mmoja. Mwanafunzi alikuwa Yasna Chiguay, binti wa miaka kumi na mitatu. Mwalimu alikuwa Edelmira Nahuelquín, aliyefundisha pale tangu ujana wake. Mwaka mzima wa mwisho walikaa wawili katika chumba chenye madawati kumi na manane, kuni zikiwaka kwenye jiko la chuma, mvua ikipiga bati. Masomo yakiisha mapema, Yasna alimfundisha mwalimu wake kucheza Ardhi Huru kwenye kompyuta ya shule.

Mchezo huo hauna mshindi. Unapewa nchi tupu yenye misitu, milima na bahari. Unakata miti, unachimba mawe, unajenga upendavyo. Wao walijenga nyumba ya mbao ufukweni, juu ya nguzo. Yasna akachonga kuta zote kwa ndani: kondoo, mashua, na mwanamke mwenye pua ndefu.

"Pua hiyo ya nani?" Edelmira akauliza.

"Ya mtu anayenusa kazi ambayo haijafanywa, mwalimu."

Yasna akaenda sekondari mjini Ancud, kisha chuo kikuu mjini Valdivia. Waliendelea kukutana ndani ya mchezo, kwanza kila Jumamosi, baadaye mara moja kwa mwezi. Huko Valdivia Yasna alipata marafiki, nao wakajenga mji wao ng'ambo ya milima, mbali kabisa na ule ufukwe.

"Hamia kwetu, mwalimu," alimwandikia mwezi Machi. "Nikija huko natembea mpaka nachoka."

"Na nyumba?"

"Ibomoe. Utajenga nyingine nzuri zaidi."

Edelmira akazima kompyuta. Katika Ardhi Huru ukibomoa ukuta, mbao zinarudi mfukoni zikiwa safi, kama hazijawahi kuguswa. Michongo inafutika. Tangu siku hiyo Yasna hakuonekana tena.

Juni, mvua ikiwa haikatiki, Edelmira alifungua ukurasa ambapo wachezaji hupendekeza vifaa vipya. Wengi walikuwa wameomba panga za moto na mazimwi ya kupanda. Yeye aliandika hivi:

"Jina: kamba ya kuvuta nyumba. Hutengenezwa kwa ngozi nne, magogo manane na nira moja. Kazi yake ni kuhamisha nyumba nzima bila kuibomoa, na kila kilichomo ndani. Huku kwetu tunafanya hivyo kweli, tunaita minga. Nyumba ya baba yangu ilivutwa kwa maksai na majirani, ikavuka ghuba maji yakiwa yamejaa, vikombe vikiwa kabatini. Sharti: mtu mmoja asiweze kuivuta. Wawe sita au zaidi. Ikifika, mwenye nyumba awalishe wote, ndipo nyumba ishike ardhi."

Majibu hayakuchelewa.

"Bibi, umepotea njia? Huu ni mchezo, si zizi la ng'ombe."

"Watu sita! Mimi hata dada yangu hataki kucheza na mimi."

Mmoja anayejiita Pudu77 akaandika: "Na sisi tunaocheza peke yetu je? Tukae tunaikodolea macho hiyo kamba?"

Hilo Edelmira alilisoma, akainuka, akaongeza kuni jikoni ingawa hazikuhitajika, akarudi kukaa. Akajibu: "Mimi pia nacheza peke yangu. Ndiyo maana nimeomba sita."

Siku mbili zikapita. Kisha watu wakaanza kuunga mkono, kumi, mia, mpaka wakapita elfu mbili. Wiki ya tatu akapigiwa simu na Renzo Iturrieta, mmoja wa watengenezaji wa mchezo, kutoka Valparaíso.

"Mama Edelmira, wazo lako limetukosesha usingizi. Tunalitaka. Ila lina tatizo moja."

"Sita."

"Ndiyo hao sita. Wachezaji wetu wengi wako peke yao, mama. Hatuwezi kuwapa kitu wasichoweza kukitumia."

"Basi watatafutana."

"Hawatatafutana. Watakitupa sandukuni na kukisahau."

Edelmira alitazama nje. Juu ya mwamba ilionekana nyumba ya mzee Custodio Barría, imeinamia bahari. Kiangazi kilichopita, ardhi ilipoanza kumeguka, majirani walikutana kupanga minga. Walijihesabu: watu kumi na mmoja, wanane kati yao wamepita sabini, na hakuna aliyekuwa na maksai hata mmoja. Walikunywa chicha, pombe ya tufaha, wakaongea habari za zamani, wakaagana. Custodio alihamia Puerto Montt kwa binti yake, nyumba akaiacha na mapazia yake.

"Mama, upo?"

"Nipo. Weka mmoja, mwanangu. Lakini nyumba iwe nzito. Mtu asijidanganye kwamba hii ni kazi ya mtu mmoja."

"Na kulisha watu?"

"Kama hakuna watu, utamlisha nani? Liache hilo."

Kamba ilitolewa Septemba. Jumapili moja baada ya chakula cha mchana Edelmira aliifunga kwenye pembe nne za nyumba, akapanga magogo, akaanza. Kila alipobonyeza, nyumba ilisogea hatua moja, ikasita. Renzo alikuwa amefanya alivyoombwa. Ilikuwa nzito kweli. Saa nzima ilipita kabla hajatoka mchangani. Alijikuta akisema kwa sauti, "Haya, vuta! Vuta!" kisha akaona haya jikoni mwake mwenyewe.

Chini ya mlima alimkuta mtu amesimama njiani.

"Bibi wa kamba, ni wewe?" maandishi yakatokea. Alikuwa Pudu77.

"Ni mimi. Wewe umetokea wapi?"

"Nyumba yako niliiona ufukweni, nikajua siku moja utapita hapa. Hakuna njia nyingine. Nipe ncha moja."

Wakavuta wawili, na nyumba ikapanda mlima bila kusita. Pudu77 alikuwa mlinzi wa ghala huko Iquique, na muda huo alikuwa kwenye mapumziko.

"Nilikutania vibaya siku ile," akaandika.

"Hukunitania. Uliuliza."

"Kwenu mkivuta mnapiga kelele gani?"

"Mmoja anaita, wote wanajibu. Lakini tuko wawili."

"Ita, bibi. Nitajibu kama watu watano."

Akaita. Pudu77 akajaza kioo kwa herufi kubwa, VUTAAA, mstari juu ya mstari, na Edelmira akacheka mpaka akavua miwani. Walipofika kileleni, kabla Edelmira hajapata hata kumkaribisha mkate, Pudu77 akaandika: "Zamu yangu imefika. Shuka polepole." Akatoweka.

Mteremko Edelmira aliushuka peke yake. Aliingia mjini kwa Yasna jua la mchezo likiwa bado juu. Ulikuwa mji mzuri wenye minara na madaraja, na hakuna mtu. Katika Ardhi Huru mlango usiofunguliwa kwa muda mrefu huotewa na magugu. Mlango wa Yasna ulikuwa umeotewa hadi kwenye kitasa. Edelmira aliisogeza nyumba yake hadi pembeni, akafungua kamba, kisha akachukua simu na kumwandikia: "Nimehamia."

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi. "Mwalimu! Umeweza vipi? Mimi siku hizi sichezi tena, hata wenzangu wameacha. Masomo yametubana. Lakini Desemba nitaingia nione, naahidi."

Alilisoma mara mbili. Aliandika, "Si uliniambia nihamie?" akafuta. Akaandika, "Unakula vizuri?" akatuma.

"Tambi tu, mwalimu, hahaha."

Akawasha kompyuta, akang'oa magugu mlangoni mwa Yasna, moja moja, na mizizi yake. Alipomaliza aliona mlango wa pili nao umeotewa, na wa tatu, na mtaa wote. Akashika mlango wa pili. Katikati ya kazi akatazama saa: bahari huko nje ilikuwa imekupwa, na mwani lazima uokotwe kabla maji hayajarudi. Akavaa buti, akateremka ufukweni.