Nyasi Hazijaoza

Mwaka ule tulipopunguzwa kazini, nilirudi Kizwite na sanduku la nguo, barua ya shukrani na kiburi cha karani wa ghala. Miaka ishirini na sita nilikuwa nahesabu magunia ya wakulima. Udongo wenyewe ungenishinda vipi? Biashara ilikuwa huria, kila mtu anauza kitu. Mimi nikachagua kabichi. Picha iliyokuwa kwenye kopo la mbegu, pale dukani Mazwi, ndiyo iliyonimaliza.

Mke wangu Coleta alikuwa anashuka Kirando, kule ziwani, kumtazama binti yetu Rhoda, aliyekuwa amejifungua. Kabla ya kupanda gari alinipeleka shambani kunionyesha ntumba zake sitini, yale matuta ya mviringo ambayo ndani yake hufukiwa nyasi wakati wa mvua. Nyasi huachwa zioze mpaka mvua nyingine, ndipo ntumba zinafumuliwa na ulezi unapandwa. Ulezi huo ulikuwa na kazi moja tu: pombe ya kumaliza matanga ya marehemu mama yake.

"Baba Rhoda, ntumba hizi usiziguse. Ng'ombe wa Mboje wakija, fukuza. Basi."

"Niziguse kwani mimi fuko?"

Hazikupita wiki mbili, nikazigusa. Nilikuwa nimejaribu kulima pembeni, jembe likadunda kama nalima sakafu ya ghala. Ntumba zilikuwa laini, nyeusi, zinaita. Nikajiambia nyasi zilizokaa chini miezi mitatu zimeoza za kutosha. Mtoto wa Kifipa, niliyebebwa mgongoni mama akilima, nikasahau jambo ambalo kila binti wa miaka kumi analijua! Nilianza na ntumba kumi. Kufika Ijumaa zote sitini zilikuwa tambarare, na miche yangu imejipanga kama wanafunzi wa paredi.

Nilichota maji mtoni asubuhi na jioni. Majani yakawa manjano. Mboje, jirani yetu Msukuma, alisimamisha ng'ombe wake akaangalia sana.

"Mzee, kabichi zako zinaumwa homa ya manjano?"

"Aina ya Ulaya hii, Mboje. Huanza hivyo."

"Na kule Ulaya huishia wapi?"

Nikachukua ndoo nikashuka mtoni. Siku hiyohiyo nilimkuta Adela, mchuuzi wa dagaa, anarudi ziwani. Nikamtuma kwa mke wangu: mwambie kabichi moja nimeikalia, miguu haikufika chini. Mwambie kuku aliyepotea tumemwona, alikuwa ameingia katikati ya majani, katoka na vifaranga tisa. Adela alicheka mpaka akaegemea baiskeli ya mtu. Na mimi nikaenda zangu nyumbani nimefurahi, kana kwamba maneno yanaweza kumwagilia.

Julai ikaleta upepo wa baridi, na viwavi wakakata mashina usawa wa ardhi. Miche iliyobaki ilikuwa na majani ya ukubwa wa sikio la panya.

Coleta alirudi Jumatano, na Adela nyuma yake kabeba magunia sita matupu.

"Shemeji, shikamoo. Nimekuja kubeba. Kirando nzima inasubiri kabichi."

"Marahaba. Kabichi... zimepumzika."

Coleta hakuzitazama kabichi. Alizipita akainama, akachimbua kwa vidole, akavuta unyasi mmoja. Haukukatika. Ulikuwa mgumu kama siku aliyoufyeka.

"Hazijaoza," akasema.

"Nitazifukia tena, Mama Rhoda. Kesho asubuhi."

"Kwa maji gani? Mvua utaiandikia barua?"

"Ntumba chache tu..."

"Nimeziona. Zote." Akaufuta mkono kwenye kitenge. "Mama nimwambie nini?"

Adela alikunja magunia yake polepole, moja moja, akaondoka bila kuaga.

Coleta hakunigombeza. Alipika, tukala, akaosha vyombo. Asubuhi nilimwona anavaa viatu vya safari. Alitaka kwenda kwa kaka yake Wilibrodi kusema matanga yameahirishwa. Nikamwambia akae, nitakwenda mimi.

Wilibrodi alikuwa anakatakata kuni uani. Nilimweleza yote, tangu jembe lilipodunda. Sikuongeza hata punje. Hakuwa amenisikiliza nusu, akaangua kicheko.

"Dominika! Njoo usikie, shemeji kaleta mpya!"

Mkewe akaja na kigoda, akanikalisha, akajiegemeza ukutani tayari kucheka.

"Enhe, ukafumua ntumba. Kisha?"

"Kisha basi."

"Acha hizo, shemeji. Kabichi zikafanyaje? Yule kuku aliyetusimulia Adela?"

"Kuku hakuwapo. Kabichi zimekufa. Ulezi wa mama hautapandwa."

Walicheka tena, mikono mapajani, wakanisubiri nimalizie. Nilitazama chini. Dominika ndiye aliyenyamaza kwanza. Wilibrodi aliendelea kidogo peke yake, kisha naye akakoma.

"Tumeshawaambia ndugu wa Nkasi waje matanga," akasema.

"Najua."

Akaokota shoka, akaingia ndani, akarudishia mlango. Dominika alibaki amesimama, anangoja niinuke achukue kigoda chake.