Kugandisha Herufi za Mzee Brashi

Siku hizo Kitinda alikuwa anachoka kabla hata hajavaa viatu. Si uchovu wa kazi, kazi aliizoea. Ni ule uchovu wa kukaa katikati ya wanaume wawili wenye vichwa vigumu, mmoja baba yake, mwingine kaka yake, wanakula meza moja na hakuna anayetaka kumwelewa mwenzake.

Karakana yao ilikuwa ya vibao: vya maduka, vya vinyozi, vya zahanati. Baba mtu, Mzee Brashi, aliiandika nusu ya mji kwa mkono wake, mpaka kiharusi kilipompitia na kuuacha mkono wa kulia ukining'inia tu kama taulo msumarini. Hapo ndipo Kitinda, binti aliyesomea mambo ya kompyuta, alipokusanya picha za vibao vya zamani, akazichora herufi za baba yake moja moja, akazitia kwenye faili moja la fonti, kompyuta iandike kwa mwandiko ule ule. Na fonti yenyewe haikuwa ya kawaida. Ilikuwa na kidude cha kusogeza kwenye skrini: ukikipeleka kushoto herufi zinakonda, ukikipeleka kulia zinanenepa, na katikati hapo una unene wa kila aina, kila mmoja na namba yake. Mzee alikaa kitini, mkono wa kushoto kwenye mausi, akisogeza huku anajisemea, "Bado... bado... umepitiliza... hapo!" Basi akawa fundi tena. Akaanza hata kununa kama zamani, na nyumba nzima ikafurahi.

Furaha ya kaka mtu haikufika mbali. Mzee alisogeza kidude asubuhi nzima kwa kibao kimoja, wateja wananung'unika mlangoni. Tena mashine ya kukata stika za kubandika vibaoni ilikuwa kuukuu, haikuielewa kabisa fonti ya kubadilika-badilika, kwa hiyo kila kibao Kitinda alilazimika kukigeuza picha kwanza.

"Sikiliza, mdogo wangu," kaka alimwambia. "Zigandishe hizo herufi. Nipe nyembamba moja na nene moja, basi, mashine izisome yenyewe. Au tutakula herufi sisi?"

"Na baba afanye nini?"

"Apumzike! Mtu mzima na kiharusi chake, anatafuta nini hapa?"

Ndilo hilo. Ukisikia mzee anaambiwa apumzike, ujue kuna mtu kachoka kumwona.

Kitinda alikataa wiki hiyo, akakataa na iliyofuata, halafu nguvu zikamwishia. Jamani, hata chuma huchoka. Asubuhi moja, Mzee bado yuko nyumbani, alifungua lile dirisha jeusi la kompyuta lisilo na picha wala vitufe, ambalo unaandika amri kwa maneno na mashine inatii. Akaandika: chukua faili hili, unene mia tatu, toa faili jipya. Akaandika tena: unene mia saba, toa jingine. Kazi ya mwaka mzima ikaganda kabla hajameza mate. Akamkabidhi kaka yake, akaenda kumchukua baba, na njia nzima hakumwangalia usoni.

Lakini haraka haraka haina baraka. Yale mafaili aliyapa majina tofauti kwa nje, akasahau jina la ndani, lile linalosomwa na mashine. Kwa ndani yote mawili yaliitwa jina moja, mashine ikashika la kwanza na kulipuuza la pili. Kaka akachagua nene, mashine ikakata nyembamba.

Kitinda na baba walipoingia, kibao cha zahanati kilikuwa kimelazwa mezani, herufi zimekonda kana kwamba zenyewe ndizo wagonjwa. Mzee Brashi akasimama na mkongojo wake.

"Nani kaandika hiki?"

Kaka akajitia kukusanya vipande vya stika.

"Nauliza, nani kaandika? Herufi ni zangu, lakini si mimi. Mwenye macho mabovu atakisomaje kutoka ng'ambo ya barabara?"

Kaka akatazama dari. Kitinda akaona hakuna pa kukimbilia, akasema yote: kugandisha, mashine, wateja, na lile jina la ndani, alilokumbuka sasa tu kwamba hakulibadilisha. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Unachelewa mno, baba. Tumechoka. Mimi nimechoka."

Walingoja makelele, maana makelele Mzee alikuwa nayo. Hakupiga. Alivuta kiti, akakaa.

"Zahanati ni mia saba na ishirini," alisema. "Kinyozi mia tano. Duka la vitambaa mia tatu na hamsini, isizidi hapo."

"Kumbe unajua?" Kitinda alishangaa.

"Unene wa herufi naujua mteja akiwa bado mlangoni. Nimeanza kazi hii mama yenu hajanijua." Akauinua ule mkono wa kulia kwa wa kushoto, akauweka vizuri mapajani. "Nilikuwa nachelewa makusudi. Nikimaliza mnanirudisha nyumbani, natazamana na ukuta mpaka jioni. Siutaki ule ukuta, wanangu."

Kaka, yule mwenye maneno, akajifuta mikono. Akatoka nje akisingizia kutazama kama mvua inakuja, na jua lilikuwa linachoma.

"Andika, mama," Mzee alimwambia binti yake. "Hizo tatu nilizokutajia. Na majina uyaweke sawa safari hii, usinitie aibu."

Kitinda akaandika. Alipofika mwisho, Mzee akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, akabonyeza kitufe cha enta mwenyewe.

"Tayari?"

"Tayari, baba."

"Haraka hivyo?"

"Haraka hivyo."

Mzee akaguna. "Na ile ya kusogeza?"

"Ipo, haijaguswa. Hizi zimetolewa humo tu."

Kesho yake mashine ilikata vibao vyote bila kumngoja mtu. Kaka ndiye aliyekuwa amekwenda kumleta baba kabla hajaiwasha, akamketisha pale pale pake. Kitinda akafungua faili la zamani. Mzee akashika mausi.

"Leo tuna kazi ya nani?"

Kitinda akamgeukia kaka yake. Kazi zilikuwa zimekwisha.

"Ya kinyozi," alijibu kaka, kichwa kimeinamia mashine.

"Kinyozi si umemkata sasa hivi? Nimekuona."

"Anataka... anataka aone na nyingine, baba."

Uongo ule wote watatu waliujua. Mzee akageukia skrini, akakipeleka kidude kushoto kabisa, akaanza kukirudisha taratibu.

"Basi mwambie asubiri," alisema.