Kivuli cha Paneli Sita

Asubuhi ambayo serikali iliamua kuwapenda kina mama wauza samaki wa Katuba, Laurentine alikuwa akimwagia maji uwanja wa chama chao ili vumbi lisipande kwenye viatu vya wageni. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Samaki waliletwa kutoka Kasenga kwa gari la Ngosa, na umeme ulipokatika, yaani karibu kila siku, barafu haikupatikana na walioza kabla ya kufika sokoni. Ngosa alikuwa ameshasema kwamba mzigo mwingine ukitupwa, atawapelekea samaki watu wengine. Bila samaki, chama kingebaki sare na nyimbo.

Wageni walichelewa kama inavyostahili watu wakubwa. Bwana Edouard, mratibu wa mpango wa umeme wa jua, alikata utepe, akaonyesha paneli sita juu ya nguzo katikati ya uwanja, kisha akafundisha kubana matumizi ya umeme kwa watu ambao hawakuwa nao. Kina mama walipiga magoti, wakapiga makofi ya taratibu, viganja vimekunjwa, kama bibi zao walivyowafundisha kupokea. Kwa desturi yao, kitu kilichopigiwa makofi hayo kimeshapokewa na hakirudi. Bwana Edouard, mtu aliyesoma, alidhani ni shangwe.

Picha zilipokwisha, mafundi walianza kufungua skrubu.

"Munabipeleka wapi?" Laurentine aliuliza.

"Tunaenda kubipima kwanza, mama présidente," fundi mmoja alijibu. "Tutabirudisha."

Paneli ziliondoka na gari, na nguzo zake pia. Kivuli chake kilibaki. Kililala uwanjani, vipande sita vilivyopangwa vizuri, na juu yake hapakuwa na kitu. Laurentine aliingiza mguu, akaona pana baridi, akaagiza mabeseni yaletwe. Tangu siku hiyo samaki walidumu hadi jioni. Aliyelalamika ni jirani yao Delphine peke yake, kwa sababu kamba yake ya nguo ilipita hapo na suruali za mume wake zilikataa kukauka. Walikubaliana ahamishe kamba.

Kisha mvua za Novemba zikaja. Mawingu yalipotanda, kivuli kiliondoka, kama kivuli chochote chenye adabu. Mabeseni mawili yaliharibika siku moja. Laurentine alifunga kitenge chake cha kutokea, akaenda Golf, mtaa wa matajiri, kumwona Bwana Edouard.

Paneli alizikuta huko, kwenye bustani yake, zikisukuma maji ya bwawa la kuogelea. Hazikuwa na kivuli. Mbwa wa nyumba alilala chini yake huku jua likimchoma mgongoni.

"Papa coordinateur," Laurentine alisema, "mawingu ikikuya, kivuli inaenda. Samaki inaoza."

"Na jua ikiwaka, kivuli iko?"

"Iko."

"Basi mama, projet inatembea. Mawingu haikukuwa mu budget."

Laurentine alitoka pale na hasira ya kutosha kuwasha taa za Katuba nzima. Bahati mbaya, mpango haukufadhili nishati ya aina hiyo.

Siku ya jua kali alikuja mkaguzi kutoka Kinshasa. Alipima kivuli kwa futi, akakuta urefu na upana vinalingana na mkataba, akathibitisha kwamba paneli zipo. Alistaajabia kitu kimoja tu, kwamba chama hakikuwa kimetumia umeme hata kidogo. Hakuwahi kuona kundi linalobana nishati namna hiyo, akapendekeza lituzwe friza.

Siku ya friza Laurentine aliwaambia wenzake, "Leo tupige makofi mpaka mikono itachoka. Labda itabakia yote."

Walipiga mpaka viganja vikawaka moto. Bwana Edouard alifuta machozi. Friza iliungwa kwenye betri ya gari lake, ikanguruma vizuri mbele ya kamera, kisha ikapakiwa kwenda kupimwa. Mngurumo wake ulibaki. Ulikaa pembeni mwa uwanja, mchana na usiku, bila kukatika.

Ngosa alirudi na mzigo mpya siku ya mvua. Alikuta mabeseni yakinuka na inzi wakisherehekea. Akavua kofia, akasikiliza ule mngurumo kwa heshima.

"Mashini yenu inaimba muzuri," alisema. "Lakini samaki ninapeleka soko ya Ruashi."

Akapanda gari, akaondoka na samaki wote. Kina mama walibaki wamesimama, mngurumo ukiendelea pembeni. Mmoja alianza kulia, naye Laurentine alitamani kulia pamoja naye. Akachukua ufagio badala yake na kuanza kufagia uwanja, maana wiki iliyofuata wageni walikuwa wanakuja kuzindua betri.