Usukani wa Nabuadra

Msinieleze mimi habari za mlango ule. Nimeujenga mwenyewe. Kuta za zege, nondo za milimita kumi na mbili, mlango wa chuma wenye bawaba tatu, na kufuli nene ya shaba niliyoichagua dukani kwa mkono wangu. Mhandisi wa mradi aliniambia, "Titilia, nataka nyumba ambayo hata kimbunga kikija kitapiga hodi kwanza." Nikamjengea mbili, kila moja na valvu yake yenye usukani wa kufungulia na kufungia maji. Moja ufukweni Nabuadra, ng'ambo, pale bomba linapoingia baharini, na ya pili huku kwetu kisiwani Vatuloa, pale bomba linapotoka. Katikati kuna kilomita mbili za bomba jeusi limelala chini ya bahari. Miezi mitano nimebeba mifuko ya saruji kichwani, maji yakiwa kiunoni, kwa sababu mwambani boti haifiki. Halafu Ijumaa asubuhi naamka nakuta nyumba niliyoijenga mimi ndiyo imemkaba mama yangu koo!

Mama anaitwa Akanisi. Kazaliwa Nabuadra, akaolewa Vatuloa akiwa msichana wa miaka ishirini, na tangu hapo amekunywa maji ya mvua yenye viluwiluwi. Kisiwa chetu hakina chemchemi. Chemchemi iko kwao, juu ya kijiji, inaitwa Waisere, na ndimo mama yake alimwogesha alipozaliwa. Tangu Januari Mama haondoki mkekani. Miguu imevimba, pumzi inakatika akigeuka tu. Muuguzi alinivuta pembeni akaniambia, "Titilia, usimwahidi Krismasi." Na Mama hakuomba daktari wala mchungaji. Alisema, "Nataka maji ya Waisere kwenye kikombe changu, nyumbani kwangu, bila kumwomba mtu boti."

Basi nilikuwa nakimbizana na zege. Mafundi wakikaa kupumzika nawatukana. Binamu yangu Emosi, mtoto wa Mjomba Rupeni wa kule Nabuadra, ndiye alikuwa ananichanganyia kokoto, na mdomo wake haulali. "Polepole, fundi wa kisiwa cha nazi kavu," ananiambia. "Hata Mungu alipumzika siku ya saba." Namjibu, "Mungu hakufanya kazi na mvivu kama wewe."

Alhamisi ikawa sherehe ya ufunguzi. Mgeni rasmi kaja na msafara wa boti tatu. Turubai limefungwa, magimbi yameiva, samaki wa nazi wanatoa harufu hadi baharini. Akasimama Mzee Waisea, msemaji wa chifu wetu, na jino la nyangumi mikononi, lile jeupe la zamani lenye kamba ya majani yaliyosokotwa. Nikasema moyoni, sasa analipeleka kwa wenye chemchemi. Maana ndivyo ilivyo tangu kale. Ukichukua maji ya mtu, unapiga magoti mbele yake na jino, unasema, tumekuja kwenu tukiwa na kiu.

Waisea akamkabidhi mgeni rasmi.

Hotuba ndefu, asante kwa serikali, asante kwa wafadhili, asante kwa mhandisi, hata mimi nilitajwa. Waisere haikutajwa. Nabuadra haikutajwa. Mjomba Rupeni, mkuu wa ukoo wenye chemchemi ile, alikuwa amekaa mstari wa nyuma kabisa karibu na jenereta, kavaa shati lake la kanisani, tangu saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulimponyesha mgeni, mwenyeji tukamwachia moshi wa jenereta.

Na mimi niliona. Niliona na nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa nimevaa koti la njano la kazi, nikajiambia mambo ya heshima si ya fundi. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo.

Mgeni akafungua bomba la shuleni, maji yakaruka, watu wakapiga vigelegele. Lakini maji ya siku ya kwanza yana dawa ya kusafishia bomba, hayanyweki. Nikamwambia Mama, "Kesho asubuhi." Akaniagiza nimwekee kikombe chake cha bati karibu na mto. Asubuhi nikafungua bomba la jikoni. Likakohoa, likatoa tone moja, basi. Mama alikuwa ananitazama kutoka mkekani, kikombe mkononi.

Sikunywa hata chai. Niliwasha boti nikavuka.

Nabuadra nzima ilikuwa ufukweni, imekaa mbele ya nyumba ya valvu kana kwamba kuna msiba. Kufuli yangu ya shaba inang'aa mlangoni. Emosi akaanza, "Karibu, fundi! Umekuja kuoga?"

"Funga hilo domo, Emosi, kabla sijakuchanganya na kokoto. Mjomba yuko wapi?"

Mjomba alikuwa ameegemea ukuta, ukuta wangu, mikono kifuani.

"Umefunga maji, Mjomba."

"Nimefunga."

"Na Mama?"

"Nimewafungia Vatuloa. Sijamfungia dada yangu."

"Ebo! Na dada yako anaishi wapi, mawinguni? Bomba lina njia ya Akanisi peke yake?"

"Mpwa, punguza sauti. Kaniulizie kwa Waisea. Jino lile limekwenda wapi? Maji ni ya nani? Tumewapa ardhi ya kujengea nyumba hii, tumewapa chemchemi, watoto wetu wamechimba mtaro. Tukakalishwa nyuma kama watoto waliochelewa shule. Mtu akikutemea mate usoni, nawe umpe maji ya kusukutua mdomo?"

Na alikuwa na haki! Hapo ndipo hasira ilipotaka kunipasua, maana nilikuwa nimekuja kugombana na mkosaji, nikamkuta mtu aliyekosewa. Lakini haki gani hiyo inayomnyima maji mgonjwa aliyelala mkekani? Nikamwambia, "Mjomba, umekosewa. Sasa nipe ufunguo."

"Sikupi kama mtu wa Vatuloa."

"Sijaja kama mtu wa Vatuloa. Nimekuja kama vasu."

Emosi mwenyewe alifumba mdomo. Kwetu mtoto wa dada, huyo ndiye vasu, akifika kwa wajomba zake kitu akishakitaka hanyimwi. Mkeka, mtumbwi, chochote. Siku hizi tunafanya kwa mzaha tu. Nilipokuwa na miaka saba nilichukua mtoto wa nguruwe wa Mjomba Rupeni, nikamkumbatia hadi kwenye boti, na Mjomba akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo ananiita mwizi wa nguruwe. Lakini siku ile ufukweni hakucheka, na mimi sikuwa na mzaha.

"Nataka usukani wa valvu," nikasema. "Nikishafungua maji, nautoa, naondoka nao."

Mjomba akapiga makofi matatu mazito ya viganja vilivyokunjwa, kama inavyotakiwa kwa mtu anayekubali, na wazee nyuma yake wakapiga. Akanirushia ufunguo mchangani.

Nikauokota. Ndiyo, niliinama nikauokota.

Valvu ile ina mizunguko ishirini na miwili. Nilizungusha kijiji kizima kikinitazama mgongo. Kwenye mzunguko wa kumi nikasikia maji yanaanza kunguruma chini ya miguu yangu. Nilipomaliza nikachukua spana, nikalegeza nati, nikaung'oa usukani, nikautia begani. Mzito, wa chuma, umepakwa rangi ya buluu niliyoipaka mwenyewe. Wangeweza kuifunga valvu tena kwa spana yoyote, lakini kilichoshikwa na vasu hakiguswi, na hilo wanalijua.

Nilipofika Vatuloa, habari ilikuwa imenitangulia kwa simu. Watu wananipungia, ndoo zimepangwa foleni, Waisea anacheka meno yote nje. "Huyo ndiye binti yetu! Amewaonyesha!" Nilimpita bila kumsalimu. Nikasubiri maji yapande, nikajaza kikombe cha bati, nikampelekea Mama.

Alikishika kwa mikono miwili. Akanusa. Halafu akaniuliza, "Kaka yangu amesema nini?"

"Amepiga makofi, Mama. Amenipa."

"Ameombwa?"

"Vasu haombi."

"Wewe ndiye vasu. Mimi ni dada yao." Akakiweka kikombe chini. "Rupeni alikalishwa nyuma?"

Nani alimwambia, sijui. Nikakubali kwa kichwa.

"Na jino akapewa mgeni."

"Ndiyo, Mama. Sasa kunywa."

"Sinywi maji aliyonyang'anywa kaka yangu."

"Mama! Nimevuka bahari! Nimejidhalilisha mbele ya kijiji kizima!"

"Nimesikia. Hasira hasara, mwanangu. Niletee ya mvua."

Jamani! Nilitoka mle ndani sioni mbele. Miezi mitano ya saruji, maji yako hapo kikombeni, na mtu anageuza uso ukutani! Ningemlaumu nani? Mama? Mama alikuwa anafanya kile ambacho kisiwa kizima kilishindwa kufanya siku ya Alhamisi. Nikashuka hadi ufukweni, nyumba ya valvu ya pili, ya kwetu. Ufunguo ninao mimi. Nikaingia, nikazungusha, mizunguko ishirini na miwili kwenda kufunga, nikaung'oa na usukani huo. Nikatoka nikakaa kizingitini, sukani mbili mapajani, spana mkononi.

Foleni ya ndoo ikaanza kulalamika. Waisea akaja mbio, vazi lake la kiunoni limeshikwa kwa mkono lisianguke.

"Binti, una wazimu? Unawafungia watu maji?"

"Nimejifunza ng'ambo. Kumbe ni rahisi."

"Fungua!"

"Peleka jino Nabuadra."

"Jino limeondoka na mgeni!"

"Lipo lingine nyumbani kwa chifu."

Akapunguza sauti, akatazama nyuma. "Lile ni la maziko ya chifu mwenyewe. Unalijua hilo."

"Najua. Na Mama hana hata hilo la maziko, ana kikombe cha bati. Mzee Waisea, wewe una miaka sabini, umekula heshima maisha yako yote kwa kazi hiyo moja tu, kujua jino linakwenda wapi. Moja tu! Mimi kazi yangu ni zege, na zege langu halijapasuka. La kwako je?"

Alinyanyua mkono kama anataka kunipiga. Nikamwambia thubutu. Hakuthubutu. Wanawake wa foleni, ambao dakika moja iliyopita walikuwa wananitukana, wakaanza kumgeukia yeye. "Mzee, kwani ni kweli hamkuwapa?" Mmoja akasema, "Mlimpa yule aliyekula na kuondoka?" Waisea akashika njia ya kwa chifu.

Jumamosi asubuhi chifu mwenyewe alitoa jino. Walivuka wazee sita, na mimi sikwenda, nililinda mlango wangu. Walirudi mchana, na mbele ya boti amekaa Mjomba Rupeni na shati lile lile la kanisani. Akatembea majini hadi kwangu, akasimama.

"Mwizi wa nguruwe," akasema, "nipe usukani wa hapa nimfungulie dada yangu."

Nikampa wa Vatuloa. Akaupachika kwenye valvu mwenyewe, akazungusha mwenyewe, jasho linamtoka, na alipochoka sikumsaidia. Tukasubiri. Akajaza kikombe cha bati kwenye bomba la jikoni, akapiga magoti kando ya mkeka wa Mama, akamnyanyua kichwa.

Mama alikunywa chote, polepole, akipumzika mara nne. Alipomaliza alimtazama kaka yake.

"Siku mbili, Rupeni," akasema. "Siku mbili umeninyima maji ya mama yetu."

Mjomba akafunika uso kwa viganja vyake vikubwa, akalia kwa sauti mbele ya watu wote. Sikumbembeleza. Usukani wa Nabuadra nilikuwa bado nao begani, na alipofuta macho akaniuliza kama nitaurudisha, nilimwambia asubiri Mama amalize kikombe cha pili.