Matroni Hafungui

Filamu yetu ya mazombi ilikuwa na kanuni moja tukufu: uhalisia. Aliyeitunga ni mwenzetu tuliyemwita Dairekta kwa sababu simu ilikuwa yake. Hakutaka mashujaa wenye bunduki. Alitaka watu wa kawaida, ndiyo maana akamwomba Matroni wa bweni aigize Matroni wa bweni.

Mzozo ukaanza papo hapo. Hadithi ilidai zombi aliyekuwa mwanafunzi wake agonge mlango, sisi tumsihi Matroni, naye alie na kufungua.

"Nifungue nini?" Matroni akauliza. "Nina watoto humu ndani. Hata mlie machozi ya damu, sifungui."

"Lakini Mama, huruma..."

"Huruma ndiyo hiyo, mwanangu. Andika hivyo."

Dairekta akaandika, kwa unyenyekevu mkubwa.

Zombi alikuwa mdogo wangu. Ana pumu, na kuigiza hajui: kila tulipofanya mazoezi aligonga kidogo tu, akaangua kicheko. Dairekta akawasha majani mabichi nje ili moshi uwe wa kweli, akaingia, Matroni akasukuma komeo. Mimi nilishika simu, nikipiga picha.

Mdogo wangu akagonga. Akagonga tena. Nikasubiri kicheko, hakikuja. Moshi ulikuwa umetanda dirishani, na ndani yake mkono ukikwaruza kioo polepole.

"Cheki jamaa anavyoweza leo!" Dairekta akanong'ona.

"Mama, fungua," nikasema.

"Sifungui." Macho yake yalikuwa makavu kabisa.

"Mama, nakuomba, ni mdogo wangu!"

"Alikuwa mdogo wako."

Wenzangu wakaguna kwa kusifu. Kila neno la kusihi nililolijua lilikuwa tayari kwenye hadithi. Mkono ukateleza chini, kioo kikabaki kitupu.

Nikaibamiza simu ya Dairekta sakafuni.

Matroni akatazama vipande, akanitazama usoni. Akalivuta komeo kwa mikono miwili.

Mdogo wangu akaangukia ndani, midomo imebadilika rangi. Matroni akamketisha, akamfungua vifungo vya shati, akampekua mifuko, akamwekea dawa yake ya kuvuta mdomoni. Nyuma yetu mtu akapiga makofi.

"Nyamazeni!"

Matroni akaweka sikio kifuani pake.

Ikaja pumzi moja, nyembamba kama uzi.

Tukangoja ya pili.