Chupa kwenye Rafu ya Maharagwe

Nderitu alikuwa na duka la chakula cha mifugo pale Munyaka, mke mmoja, binti mmoja na adui mmoja. Adui huyo aliishi naye nyumba moja, kwenye stoo iliyo ubavuni mwa jiko, rafu ya juu kabisa, kati ya debe la maharagwe na mtungi wa mafuta ya kupikia. Ilikuwa ni chupa ya divai nyekundu iitwayo Zinfandel, kutoka California. Haikuwa imefunguliwa tangu iingie Kenya, na Nderitu aliichukia kama mtu anavyomchukia mpangaji asiyelipa wala kuhama.

Chupa yenyewe ililetwa na Antony, kijana wa Moi's Bridge aliyekwenda Marekani kufanya kazi kwenye mashamba ya mizabibu. Wakati huo Ciru hakuwa mke wa mtu. Antony alirudi nyumbani likizo, akakusanya wazee wake, wakaenda kwa Mzee Wahome, baba yake Ciru, kwa ruracio, yale mazungumzo ya mahari. Siku hiyo pombe huletwa na upande wa kijana, na baba ya binti hathubutu kuitia mdomoni mpaka amwite binti yake na kumwuliza mbele ya watu wote: ninywe? Binti akisema kunywa, amemkubali aliyeileta. Wengine huleta muratina kwenye kibuyu. Antony, kwa maringo yake ya Marekani, akaleta chupa.

Nderitu aliyaona yote kwa macho yake, maana ndiye jirani aliyeitwa kuchoma mbuzi. Alisimama na kisu mkononi, moshi ukimwingia machoni, akasikiliza mhadhara wa Antony. Divai hii, Antony aliwaambia wazee, ikiwa changa ina ladha ya yale matunda meusi ya miiba ambayo watoto hula kando ya mto mpaka midomo iwe zambarau, na nyuma yake kuna pilipili manga inayochoma koo kidogo. Ikikaa miaka michache, pilipili inatulia na utamu unakuwa mzito. Ikikaa zaidi, matunda yanakauka humo ndani ya chupa, yanakuwa kama zabibu kavu, halafu inaanza kuja harufu ya tumbaku, na ngozi, na nguzo ya mwerezi iliyokatwa juzi. Rangi nayo inaacha uzambarau, inakuwa kama tofali pembeni. Lakini lazima chupa ilazwe, ili kizibo kisikauke, tena mahali penye baridi na giza, mbali na jiko.

"Inazidi kuwa nzuri kadiri inavyozeeka," Antony alimaliza, akimtazama Ciru badala ya wazee.

Mzee Wahome akainua chupa. "Ciru, mama, ninywe?"

Ciru akatazama vidole vya miguu yake. Mzee akauliza tena. Kimya. Mbuzi akaanza kuungua na Nderitu hakumgeuza. Mwishowe mzee akaiweka chupa pembeni bila kuifungua, watu wakala nyama, wakazungumza habari za mvua, wakaenda zao. Antony akarudi Marekani. Wazee wake walikataa kuichukua chupa, kwa sababu kuichukua ni kukiri kwamba wamekataliwa, na Mzee Wahome akakataa kuigusa, kwa sababu hajajibiwa. Hivyo ikabaki ya Ciru. Hata alipokuwa akiolewa na Nderitu, mama yake aliifunga pamoja na sufuria, akamwambia kwamba ni yake, yeye ndiye ambaye bado hajajibu.

Sasa, mtu mwenye akili timamu angekumbuka siku yake mwenyewe. Nderitu alipokwenda kwa Mzee Wahome na kibuyu cha muratina iliyopikwa na shangazi yake, mzee hakumaliza hata kuuliza. "Kunywa, baba," Ciru alisema, wanawake wakapiga vigelegele, na Nderitu akatembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Lakini chupa ilipoingia nyumbani mwake, wivu ukaja na hesabu zake. Kwa nini mimi alinijibu haraka hivyo? Ukiulizwa kama chai ina sukari, unajibu haraka. Ukiulizwa jambo zito, jambo la moyo, ndipo unanyamaza. Mimi nilijibiwa kama sukari ya chai. Antony ndiye aliyefikiriwa.

Hesabu hiyo ilimkaa kooni miaka yote. Ciru aliilaza chupa juu ya gunia lililokunjwa, rafu ya chini, ukuta wa baridi, kama vile alivyosema yule bwana. Nderitu akiingia stoo kuchukua vitunguu anaiona imelala pale kama mtoto mchanga. Wanja, binti yao, alipoanza kutembea, Nderitu alijisemea: sasa pilipili imetulia. Wanja alipoingia shule, akajisemea: sasa ni zabibu kavu. Hakuwa amewahi kuonja divai maishani mwake isipokuwa kijiko cha Meza ya Bwana kanisani, lakini ladha ya hiyo moja aliifuata mwaka hadi mwaka kama anayefuata ugonjwa wa jamaa. Na yeye mwenyewe je? Kitambi kilikuja, goti la kushoto likaanza kulalamika kila akibeba gunia la pumba, nywele zikamkimbia. Yeye alikuwa anazeeka na chupa ilikuwa inakomaa. Lilimuuma sana jambo hilo.

Ndipo siku moja Ciru alipokwenda Moi's Bridge kununua mahindi, Nderitu akaingia stoo, akaitoa chupa kitandani mwake na kufuata maagizo ya Antony kinyumenyume. Akaisimamisha. Akaiweka rafu ya juu, ukutani pale bomba la moshi la jiko linapopita, ambapo ukiweka kiganja unahisi joto asubuhi na jioni. Akajidanganya kwamba anatafutia magunia nafasi. Ciru aliporudi, Nderitu alingoja alalamike, huku amejiandalia maneno. Ciru akapika githeri, akampakulia, wala hakusema neno. Nderitu akaona basi hajagundua, akala akarudia.

Miaka ikapita, bomba likafanya kazi yake.

Halafu simu ikaja. Ilikuwa Jumamosi, Nderitu yuko mlangoni anapanga ndoo, akamsikia mkewe akicheka kwenye simu kicheko ambacho hakukitambua. Mama yake Antony alikuwa amelazwa hospitali ya misheni kule Plateau, na Antony alikuwa amekuja kumwona. Angependa kupita kuwasalimia kesho baada ya kanisa.

"Umemwambia aje?" Nderitu aliuliza.

"Sasa nimkataze mtu kusalimia, Baba Wanja? Mamake ni mgonjwa."

Nderitu hakulala vizuri, na asubuhi alinyoa ndevu mara mbili.

Antony angekuwa mtu wa majivuno, mambo yangekuwa rahisi. Lakini aliingia ameinama kidogo, mvi zimemjaa kichwani, akamshika Nderitu mkono kwa mikono miwili, akamwuliza habari za duka na kusikiliza majibu. Alikuwa amemletea jaketi. Nderitu akalijaribu, likamkaa sawasawa mabegani, na hata hilo lilimuudhi. Kilichomuudhi zaidi ni jina. Mtaa mzima humwita mkewe Mama Wanja. Mchungaji humwita Mama Wanja. Huyu, kikombe cha chai mkononi, alisema Ciru hivi, Ciru vile, kana kwamba alimwacha hapo jana.

"Ciru," akasema, "hivi ile chupa yangu iliishia wapi? Ama mzee aliinywa kisirisiri?"

"Iko."

Ciru alijibu haraka. Nderitu aliliona hilo, akashindwa kujua aliweke upande gani wa hesabu zake. Ciru alikwenda stoo, akarudi na chupa. Antony akaipokea, akainyanyua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama mashapo yaliyotulia chini kabisa ya kitako.

"Ilikuwa imesimama?"

Nderitu akahisi jasho likimtoka ndani ya jaketi jipya.

"Stoo yetu ni ndogo," Ciru akasema. "Ifungue tu, tuonje."

Hawakuwa na kizibuo. Antony alitumia parafujo na koleo za Nderitu, na kizibo kikatoka vipande vipande kama mkate mkavu, vingine vikaangukia ndani. Wakaichuja kwa kichungi cha chai, kwenye gilasi za maji. Haikuwa zambarau, wala haikuwa rangi ya tofali. Ilikuwa na rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, iliyokaa kwenye birika tangu asubuhi. Antony akainusa kwa muda mrefu, akaonja, akafumba macho. Ciru akaonja. Nderitu akaonja mwisho.

Mwanzoni ikamtisha, maana kitu kilikuwemo. Kwa mbali, juu ya ulimi, zilipita zabibu kavu, na nyuma yake tumbaku, ile harufu ya koti la babu yake, na Nderitu akaogopa kwamba ameshindwa. Kisha uchachu ukafika, ukakaza taya na kusukumilia mbali kila kitu. Ilikuwa siki. Nderitu akameza, machozi yakimlengalenga, na moyoni mwake kukawa na sherehe. Alitaka kumwongezea Antony gilasi nyingine.

"Pole sana," alisema, akijikaza asitabasamu. "Kumbe imeharibika."

"Si kitu," Antony akasema. "Hata ingelala vizuri, sijui. Zinfandel chache tu ndizo hufika umri huu zikiwa nzuri. Nyingi ni tamu zikiwa bado changa." Akacheka kidogo. "Siku ile nilikuwa natafuta tu la kuwaambia wazee."

Akatazama saa, akasema hataki kuchelewa kumwona mama yake. Ciru akamfungia mkate na mayai ya kuchemsha ampelekee mgonjwa. Langoni aliwaaga wote wawili kwa pamoja, akamwita Ciru jina lake kwa mara ya mwisho, akaenda.

Nderitu alirudi jikoni akipiga mluzi. Ciru alikuwa kwenye sinki, amempa mgongo, anaosha vikombe. Gilasi moja ilikuwa bado mezani, nusu yake imejaa.

"Maskini Antony," Nderitu akasema. "Amengoja miaka yote hiyo, kumbe anangojea siki."

Ciru hakugeuka. "Baba Wanja, kwa hii nyumba ni nani hupanguza vumbi kwa rafu za stoo?"

Mluzi ukamfia mdomoni.

"Ni mimi," Ciru akaendelea, bila hasira, akisugua kikombe. "Kila Jumamosi naondoa debe la maharagwe, naondoa mafuta, naondoa hiyo chupa. Napanguza. Halafu narudisha. Kila Jumamosi niliirudisha ikiwa imesimama, pale pale kando ya bomba, vile uliiweka."

Nderitu akatafuta kiti akakaa. Alijaribu kuhesabu Jumamosi hizo, zikamshinda.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Na wewe kwa nini hukuniuliza? Baba yangu aliuliza mara mbili mbele ya watu. Wewe tumelala kitanda kimoja miaka yote hii, hukuniuliza hata siku moja."

"Yeye ulimnyamazia," Nderitu akasema, na sauti yake ikatoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Mimi ulinijibu kama mtu anayefukuza kuku."

Sasa Ciru akageuka, mikono inadondosha povu, akamtazama kana kwamba ndiyo kwanza anaiona hesabu hiyo ya kijinga ikiwa imeandikwa yote usoni mwake. "Yule alikuwa amekuja na wazee wake kutoka Moi's Bridge wamevaa suti. Ningemwambia baba asinywe, mbele yao? Nilinyamaza ili waende nyumbani na heshima yao. Wewe nilikuwa nimekujibu hata kabla hujaleta kibuyu. Siku ile ile ulikuwa unaangalia mimi badala ya mbuzi, mbuzi akaungua."

Aibu ilimjia Nderitu polepole, kuanzia masikioni. Lakini wivu ni mdudu mwenye roho ngumu, na hata hapo ulikuwa bado haujamwachia. Akaivuta ile gilasi ya mezani, akainyanyua kama Mzee Wahome alivyonyanyua chupa.

"Ciru," alisema. Hakuwa amemwita hivyo tangu Wanja azaliwe. "Ni—"

"Mwaga," Ciru akasema.

Hakuwa amemaliza kuuliza. Nderitu akasimama, akaenda kwenye sinki kando ya mkewe, akamwaga. Kwa kitambo kidogo, kabla maji ya bomba hayajaifagia, harufu ilipanda kutoka kwenye tundu la sinki: tumbaku, zabibu kavu, na kitu kitamu sana nyuma yake ambacho hakupata kukijua jina.