Siku Spana Zinapolala

Mtaani kwao Hubballi, kusini mwa India, kila mtu alikubali kwamba Veeranna ana kichaa, ila watu hawakuafikiana ni kichaa cha namna gani. Mkewe, Gangavva, alisema ni kichaa cha vyuma. Irappa, rafiki yake mwenye duka la matairi ng'ambo ya barabara, alisema ni kichaa cha moshi. Mtu ana mvi kichwani, anaacha pikipiki mpya zisizokohoa, anazunguka vijijini kuokota mikweche ya Kijapani, ile midogo ya mipigo miwili inayokunywa oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa buluu kama jiko la kuni mbichi! Anairudisha nyumbani vipande vipande ndani ya magunia. Miezi inapita, mke ananuna, halafu siku moja mkweche unatoka karakanani unang'aa kama bibi harusi, na wale wale waliocheka wanaomba kupiga nao picha.

Pikipiki nne zilikuwa tayari zimepangwa chini ya paa la bati. Mwaka huu, asubuhi ya sikukuu ya zana, palisimama ya tano: Yamaha nyekundu ya cc mia, tangi limejazwa petroli hadi ukingoni kwa heshima. Hiyo Veeranna hakuihesabu kuwa yake. Ilikuwa ya Fundi Dastagir.

Kila alichokijua Veeranna alikipata mikononi mwa mzee huyo. Aliingia gereji yake hajui plagi wala pistoni, akatoka fundi. Dastagir hakuwa mtu wa maneno. Akikufundisha kuendesha, alikaa nyuma yako na kukugonga begani: mara mbili, pandisha gia; mara moja, umekosea, na heri ujue mwenyewe umekosea wapi. Injini aliisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua. "Inapumua?" aliuliza kabla ya jambo lolote. "Basi. Hayo mengine madogo."

Alikuwa Mwislamu, lakini vijana wake wengi walikuwa Wahindu, na sikukuu ya zana ilipofika yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuziosha spana kwa mafuta ya taa na kuzipanga juu ya kitambaa chekundu mbele ya madhabahu. Zikishapangwa, hazishikwi mpaka kesho yake. Mwaka wake wa kwanza Veeranna alijisahau, mteja kaja analia na pikipiki yake, naye akanyoosha mkono akachukua spana. Dastagir alimpokonya taratibu, akairudisha mahali pake. "Imekulisha mwaka mzima," alimwambia. "Leo iache ilale." Veeranna hakuwahi kurudia.

Ile Yamaha Dastagir aliiuza alipomwoza binti yake, na tangu hapo hakuitaja. Naye Veeranna, miaka yote hiyo, hakuwahi kumwambia mzee asante. Katika kazi ile watu hawaambiani asante. Mtu anasema "iko sawa" na kunawa mikono. Lakini neno lenyewe lilimkaa Veeranna kooni kama mwiba wa samaki, na kadiri alivyozeeka ndivyo lilivyozidi kumchoma.

Kisha, mwaka uliopita, kiharusi kikamwangusha Dastagir. Kilimchukulia upande wa kulia na karibu ulimi wote. Binti yake, Mehrunnisa, alikuja kutoka mji wa Pune alikoolewa, akamuuguza, akafunga mizigo. Treni yao ilikuwa kesho alfajiri, na kila mtu alijua kwamba mzee akishaondoka Hubballi hatarudi.

Ndiyo maana Veeranna alihangaika mwaka ule kwa udi na uvumba. Yamaha aliikuta Kundgol, kwenye banda la mkulima wa pilipili, kuku wamelalia kiti chake. Aliitambua kwa vidole kabla ya macho: mkono wa kiki ulikuwa umeungwa kwa shaba, na kovu la shaba laini vile lilikuwa la mtu mmoja tu. Akatafuta pistoni, akatafuta ringi, akanyoosha ekzosi. Mpiga rangi akachelewesha tangi hadi jana. Jana hiyo hiyo Veeranna aliifunga, akaiwasha mara moja, ikaitika vizuri; papo hapo Gangavva akapiga kelele kwamba spana zioshwe, muda umekwisha.

Sasa ilikuwa asubuhi, spana zote zimelala mbele ya madhabahu na shada la maua ya manjano shingoni mwa jiriwa. Gangavva alikuwa akizunguka na bakuli la liwa iliyochanganywa na unga wa manjano, akizipaka pikipiki moja moja: tone kwenye taa, tone kwenye usukani.

"Hii ya Fundi naipaka vizuri," alisema, akachota kwa vidole vitatu na kuukandika mfuniko wa tangi. "Hapa ndipo kitovu chake."

"Shemeji, hiyo ni pikipiki au ni chapati?" aliuliza Irappa, mdomo umejaa bisi za mchele.

"Wewe kula, kaa kimya. Duka lako umelipaka nini? Deni?"

Veeranna hakucheka. Bajaji ilikuwa imesimama mlangoni. Mehrunnisa alishuka, akakunjua kiti cha magurudumu, na pamoja wakamkalisha mzee. Alikuwa amekonda hadi kola ya shati ilimzidi. Kofia yake nyeupe ilikuwa safi kama zamani.

"Shikamoo, Fundi," Veeranna alisema, akainama kumgusa miguu.

Jicho la mzee lilikuwa limeshapita juu ya mgongo wake. Lilitua kwenye tangi jekundu, likashuka pole pole mpaka kwenye mkono wa kiki, kwenye lile kovu la shaba, likabaki pale. Mkono wake mzima, wa kushoto, ukalikamata gurudumu la kiti.

"Baba," alisema Mehrunnisa, "si ile... Kaka Veeranna, hii ni ile ya harusi yangu?"

"Ndiyo hiyo hiyo, Mehru."

Mehrunnisa alijifunika mdomo kwa ushungi. Gangavva, ambaye mwaka mzima alikuwa akiilaani pikipiki ile kwa kumjazia nyumba magunia, aligeuka kando akajifanya anapanga ndimu za kufukuza balaa chini ya magurudumu.

Veeranna akapiga kiki. Iliwaka mara ya kwanza. Ule mlio mwembamba wa haraka haraka ukajaa uani, moshi wa buluu ukapanda, na harufu ya oili ikawafunika wote na maua yao. Mzee alifumba macho. Kidevu chake kilikuwa kikifuata mlio juu na chini, na Veeranna alijua kabisa anachosikiliza. Akaiacha ingurume muda mrefu ili mzee ashibe.

"Naizungusha kidogo ipate moto," alisema, "kisha nakupakia, Fundi. Tunapita gereji."

Akatoka akizikanyaga ndimu, watu wakashangilia. Alifika kwenye kona ya hekalu. Hapo Yamaha ikakohoa, ikavuta kama mtu aliyezibwa pua, ikanyamaza.

Alipiga kiki mpaka goti likalia. Akairudisha akiisukuma, jasho jembamba likimtoka, na mtaa mzima unatazama.

"Umetoka unaendesha, umerudi unaendeshwa!" Irappa alimpokea.

"Irappa, leo sitaki."

"Plagi imelowa oili?"

"Huenda. Au uchafu kwenye kabureta. Lazima nifungue." Alipolisema hilo, alizitazama spana zilizolala. Afungue kwa kutumia nini? Kwa meno?

"Si uchukue spana moja tu," Irappa alinong'ona, safari hii bila mzaha. "Mzee anaondoka alfajiri. Miungu ina shughuli nyingi, haitaona spana moja."

"Thubutu!" Gangavva alifoka. Kisha akamtazama mumewe usoni, sauti ikashuka. "Baba Kaveri, mimi sitasema. Ukitaka kuchukua, mimi naingia jikoni."

Na akaingia jikoni kweli. Veeranna hakuwahi kumpenda mke wake kama alivyompenda dakika ile.

Akasogea mbele ya madhabahu. Spana ya plagi ilikuwa pale mbele, imeoshwa, ina tone la liwa mpinioni. Ilikuwa ya Dastagir. Alimwachia siku alipofunga gereji. Kazi ya muda mfupi tu, fungua, futa, funga. Akaunyoosha mkono.

Nyuma yake pakalia kofi kwenye chuma. Moja.

Aligeuka. Mzee alikuwa ameipiga kofi fremu ya kiti chake, na jicho lake lilikuwa kali kama la siku zile gerejini. Veeranna aliurudisha mkono kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Basi, kaka yangu," alisema Mehrunnisa kwa upole. "Umeiwasha, ameisikia. Inatosha. Mungu akulipe."

Haikutosha. Veeranna alitaka kusema hivyo lakini alijua akifungua mdomo atalia, naye hakutaka mzee aende Pune na sura hiyo. Alisimama tu, mikono mitupu, spana kedekede ziko nyuma yake wala hawezi kuzigusa.

Dastagir aliinua kidole. Hakumwita Veeranna. Aliita pikipiki.

Wakaisogeza mpaka magotini pake. Mzee alilaza kiganja juu ya tangi, akakiacha hapo. Akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa rangi mpya. Hata Irappa aliacha kutafuna. Kisha kiganja kikapanda taratibu hadi kwenye mfuniko, kikakuta ule mkate wa liwa uliokauka kwa joto, na mzee akafanya sauti puani ambayo wote waliopata kufanya kazi kwake waliijua. Ilikuwa sauti ya kusema: nani mjinga aliyefanya hivi?

Katikati ya mfuniko kuna tundu dogo. Hewa huingilia hapo kadiri petroli inavyotoka. Likizibwa, petroli haishuki. Veeranna alijua hivyo kama anavyojua jina lake. Mwaka mzima aliisafisha mashine ile hadi mahali pasipofika jicho, na asubuhi hii akasimama akamwangalia mkewe akiiziba pumzi kwa baraka, akaona ni jambo jema.

Dastagir aliingiza ukucha wa dole gumba, akakwangua. Tangi likavuta hewa: fyuuu! Ndefu, wazi, mpaka Gangavva akaisikia jikoni na kutoka mbio.

Na mzee akacheka. Kicheko kilitokea upande mmoja wa mdomo, kimepinda, hakina sauti nzuri, lakini Mehrunnisa alipiga magoti kabisa, kwa kuwa hakuwa amekisikia tangu kiharusi.

"Ni mimi!" alisema Gangavva, mikono kichwani. "Jamani, ni mimi niliyeiziba!"

"Nilisema chapati," Irappa alimkumbusha.

Dole gumba la mzee lilikuwa na liwa hadi kwenye kiungo. Alilitazama, akamtazama Veeranna aliyekuwa amechuchumaa mbele yake, akampaka yote kwenye paji la uso kwa mvuto mmoja, bila haraka. Midomo yake ikahangaika. Neno lilikuja zito, nusu yake ni pumzi, lakini kila mtu alilisikia.

"Piga."

Veeranna akasimama, akapiga kiki. Mara ya pili ikaitika, moshi ukapanda.

Kumpakia mzee ilikuwa shughuli. Mehrunnisa alisema ataanguka, Irappa akasema haanguki mtu mbele ya macho yake, na Gangavva akamaliza ubishi kwa kuleta sari yake kuukuu ya pamba. Wakamfunga Dastagir kiunoni na kifuani, mgongoni kwa Veeranna, kama mama anavyobeba mtoto, fundo likakazwa mara mbili. Irappa aliahidi kukimbia kando yao. Alikimbia mpaka duka la chai, akakalia benchi akihema.

Veeranna aliendesha kana kwamba amebeba trei ya mayai. Walipita hekalu, wakapita maduka yaliyovishwa maua, malori yenye ndimu chini ya magurudumu. Uzito wa mzee ulikuwa mdogo mno. Shavu lake lilikuwa limelala katikati ya mabega ya Veeranna, na pumzi yake ilipenya shati.

Gereji ya zamani sasa ni duka la simu. Veeranna alipunguza mwendo mbele yake, na hapo hapo, bila kujitayarisha, mwiba ukatoka.

"Fundi," alisema kwa sauti, ili injini isimeze maneno. "Asante. Kila chapati niliyokula, na mke wangu, na mwanangu Kaveri, imetoka kwako. Sikuwahi kukwambia. Nakwambia leo. Asante, Fundi wangu."

Machozi yalimshuka, hakuyafuta kwa kuwa mikono yote ilikuwa kazini. Akasubiri. Yamaha ilikuwa ikilia kwa uchungu katika gia ya pili, na Veeranna, kwa kulia na kushukuru, hakuwa akiisikia.

Mkono wa kushoto ukajitahidi kutoka ndani ya sari, ukapapasa mpaka ukalipata bega lake. Ukagonga mara mbili.

Veeranna akabana klachi, akapandisha gia.